Andika Mimi

Ujumbe ulinipata ofisini, katikati ya ubishi. Vijana wawili ninaofanya nao kazi walikuwa wamesimama mbele ya meza yangu wakitaka niamue: tutumie programu gani kuendeshea tovuti mpya ndani ya kompyuta zetu wenyewe, tuijaribu humo mpaka tuiamini, ndipo tuipeleke mtandaoni watu waione. Mmoja alitaka yale makontena ya siku hizi, kila kitu kimefungiwa kwenye kisanduku chake. Mwenzake alisema hayo ni madoido tu, furushi la kawaida linatosha. Mimi hupenda ubishi huo. Nimeusikia miaka nenda miaka rudi, majina ya programu yakibadilika na maneno yakibaki yale yale. Nilikuwa ndio nafungua mdomo simu iliponguruma mezani, nikaisoma: Mama Kalondu ametuacha, matanga ni nyumbani kwake Uthiru, wanachama wakutane huko kila jioni. Kabla sijaiweka chini ikaita. Alikuwa Wafula, kutoka Eldoret anakoishi sasa, na hata hakunijulia hali. "Mueni," akasema, "hii ni ya kweli?"

Mtu mwingine angeona hilo ni swali la ajabu. Mimi nilimwambia angoje, nikampigia mwenyekiti wa sasa wa chama chetu cha misiba, akanihakikishia kwamba ni kweli, mama alilala vizuri na hakuamka, majirani ndio waliogonga mlango wakakosa jibu. Nikamrudia Wafula. Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani, halafu nikasikia analia. Mimi nami nikalia hapo hapo mbele ya vijana wangu, sikujali. Wakanisogezea maji ya kunywa na kuondoka polepole na ubishi wao. Nimeona niandike sasa habari za mwaka ule tulipomfahamu Mama, kabla sijaanza kuzisahau, maana tuliobaki na kumbukumbu zake si wengi.

Chumba chetu kilikuwa Riruta, juu ya kinu cha kusaga unga, kwenye kichochoro kinachotokea Naivasha Road. Wafula na mimi tulikuwa tumemaliza chuo pamoja, tukakosa kazi pamoja, na tukaona heri tujiandikie kazi wenyewe. Yeye alikuwa na kompyuta, kisanduku kizee kilichopumua kwa sauti kuliko mtu mwenye pumu, na mimi nilikuwa na mdomo wa kuongea na wateja. Kodi ya chumba hicho ilikuwa nafuu kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekitaka. Kinu kikiwaka, sakafu ilitetemeka na vikombe vikatembea mezani. Unga ulipanda kwenye nyufa za mbao ukatua juu ya kila kitu, kwenye nywele, kwenye kibodi, kwenye chai. Kila jioni tulifunika kompyuta kwa leso yangu ya zamani kabla ya kufunga mlango, na kila asubuhi Wafula aliipuliza ndani kwa mdomo, macho kayafumba, kisha akaniambia "Sasa?" akiwa na kope nyeupe za unga. Nilimpenda, niseme tu ukweli. Sikumwambia mwaka ule wala baadaye, na sidhani kwamba ilimpita.

Chini, kando ya kinu, palikuwa na kibanda cha chakula cha Mama Kalondu. Kalondu lilikuwa jina lake mwenyewe, si la mtoto. Mtoto hakujaliwa, na mume alikuwa ameshatangulia miaka mingi. Kwa kuwa sakafu yetu ilikuwa mbao na dari yake ndiyo sakafu yetu, tulisikia kila neno lililosemwa kwake. Saa za mchana walikuja wanaume wa kichinjioni kutoka Dagoretti na magambuti yao, viatu virefu vya mpira, wakaagiza ndengu na chapati na kujadili bei ya ng'ombe. Walikuja makarani, mafundi wa mabomba, akina mama wa sokoni. Wengi walikuwa watu wa kwetu Ukambani, wanachama wa chama kimoja cha kusaidiana wakati wa misiba, na mazungumzo yao yalizunguka humo: nani amefiwa, mwili unasafirishwa lini, tenti itatoka wapi. Na kila mara, lazima, mtu angeuliza, "Mama Kalondu ameambiwa?" Maana ndiye aliyepika. Msiba ukitokea Kawangware, Kangemi, Uthiru, popote, Mama alifunga kibanda, akabeba mwiko wake mrefu na kwenda kusimama juu ya sufuria mpaka siku ya kusafirisha mwili. Sijawahi kumwona akiketi kwenye matanga. Hakuna aliyewahi.

Yeye ndiye aliyetupatia kazi. Alikuwa akipanda ngazi na chakula chetu cha mchana, mara nyingi muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, akisimama mlangoni kutazama kioo cha kompyuta kama mtu anayetazama sufuria ya mwenzake. Siku moja akauliza kama hiyo mashine inaweza kuwaambia watu mia kadhaa jambo moja kwa wakati mmoja. Wafula akamwambia inaweza. Mama akasema basi chama kinaihitaji, kwa sababu habari za misiba zilikuwa zinafikishwa kwa kupigiana simu, mtu kwa mtu, na kila mara kuna waliosahauliwa na wakanuna. Jumapili hiyo hiyo alitupeleka kwa mwenyekiti, Bwana Nzioka, mtumishi wa serikali mwenye ofisi mjini, mtu wa tai na miwani ya kusomea, sauti nzito ya kutangaza mambo. Tukaafikiana. Tungetengeneza tovuti ya chama, katibu angeingia humo na kuandika msiba, nayo ingetuma ujumbe kwa simu ya kila mwanachama.

Hapo ndipo ubishi wetu wa vifaa ulipoanza. Mtandao wakati ule ulikuwa ghali na wa kusuasua, huwezi kujaribu kazi yako huko moja kwa moja. Ilibidi tuwe na seva ndogo ndani ya kisanduku chetu, ijifanye ni mtandao, nasi tujidanganye kuwa tuko nje kumbe tuko Riruta. Tulikwenda mjini, kwenye saiba moja ya kukodi mtandao, ghorofa ya juu karibu na River Road, tukakaa pale mchana kutwa tukipakua programu kwenye flashi. Mimi nilitaka furushi, lile linalokupa seva na databesi na kila kitu kwa pamoja, unabonyeza mara mbili unaanza kazi. Wafula alitaka tusakinishe kila kimoja kwa mkono, tukifanye kisanduku chetu kifanane kabisa na seva tutakayokodi baadaye, ili kinachofanya kazi kwetu kifanye kazi na huko. Tulibishana mpaka mwenye saiba akatuomba tushushe sauti. Leo najua kwamba yeye ndiye aliyekuwa sawa, lakini pia najua kwamba kwa njia yake tungekuwa bado tunasakinisha mpaka leo. Tulichukua furushi langu. Tukarudi kwa miguu mpaka stendi tukila mahindi ya kuchoma, nimeshinda, nina furaha ya kijinga.

Kilichobaki kilikuwa upande wa simu. Ujumbe ulitumwa na simu ndogo ya kawaida iliyounganishwa na kompyuta kwa waya: programu iliandika, simu ikatuma. Wafula alisema tutafute pia kile kifaa cha kunasa ujumbe, programu inayojifanya simu. Ukijaribu kazi yako, kila ujumbe unaishia humo, unausoma kwenye kioo, hauendi popote. Mtego, ndivyo alivyouita. Mimi nikasema mtego wa nini, na kompyuta yenyewe inakoroma kwa mzigo ilio nao? Tukitaka ujumbe usiende, tuchomoe waya. Wafula akafikiri, akaona ni kweli, hata akafurahi kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Wazo hilo lilitupendeza wote wawili. Waya ukichomolewa, ujumbe ulipanga foleni ndani ya kompyuta, tukausoma humo na kuufuta tukikumbuka.

Nieleze na jambo hili, maana bila hilo hutaelewa kilichofuata. Kule kwenye ploti alikopanga Mama Kalondu, Uthiru, stima ilikuwa ya kubahatisha, basi kila siku alituletea simu yake tuichaji. Kompyuta yetu ilikuwa na waya ule ule mmoja, ukiingia kwenye simu yoyote ya aina ile unachaji. Tulichaji simu ya Mama, simu zetu, simu ya mwenye kinu, wakati mwingine na za wateja wake. Mama alijua kuchomeka waya huo kuliko alivyojua jina la kompyuta. Kwetu ilikuwa ni ujirani tu.

Bwana Nzioka alikuja kukagua kazi siku ya Jumamosi, amevaa tai vile vile. Tulikuwa tumejaza orodha kwa watu wa kubuni, majina ya kuchekesha na namba zisizokuwepo. Hakupendezwa hata kidogo. Akasema yeye hawezi kupitisha mtambo uliojaa watu wasiojulikana, akatoa flashi yenye orodha kamili ya wanachama na kututaka tuiingize pale pale. Wafula alinitazama. Nikatazama waya, umechomolewa, unaning'inia ukutani. Tukaiingiza mahali pa ile ya kubuni. Kisha mwenyekiti akasema, "Haya, nionyesheni msiba," na hapo tukakwama. Mtambo ulikuwa umetengenezwa usikubali kutangaza kifo cha mtu asiye mwanachama, na wote tuliokuwa nao sasa walikuwa wanachama wa kweli, watu wazima na wazazi wa watu, wako majumbani kwao wanaendelea na maisha. Wafula akaondoa mikono kwenye kibodi. Alisema si yeye wa kuandika jina la mtu aliye hai mahali hapo. Mimi nami nikasema siwezi. Tukamwambia mwenyekiti atumie lake. Bwana Nzioka, aliyekuwa ametangaza misiba zaidi ya mhubiri yeyote, alisogeza kiti chake nyuma na kusema hapana, hilo halifai, ana mke na watoto.

Mama Kalondu alikuwa kwenye kona akipakua chakula. Hakugeuka. "Andika mimi," akasema.

Tulimkatalia sote kwa pamoja. Akaendelea kupakua. Akasema yeye haogopi jina lake kuandikwa, anachoogopa ni kingine. Akaja na sahani, akaiweka mbele ya mwenyekiti, akajifuta mikono kwenye aproni. "Nimepika matanga ya watu wote hapa, Mwenyekiti, unajua. Yangu ni nani atashika mwiko? Sina mtoto, sina dada. Nitatangazwa, watu watasema pole, wataendelea na shughuli. Nimeliwaza jambo hili mpaka limenizoea. Kwa hivyo andikeni tu, angalau nilione likiwa limeandikwa vizuri." Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, ile ile ya kuuliza kama tunataka pilipili. Bwana Nzioka alisema, "Ai, Mama, usiseme hivyo," akavuta sahani na kuanza kula, na hilo ndilo lililoniuma. Wafula akaandika. Sentensi alizitunga yeye mwenyewe, maana Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu: chama kinasikitika kutangaza kuondokewa na mama yetu mpendwa, aliyetulisha sote. Mama akamwomba amsomee mara ya pili. Akaitikia kwa kichwa, akasema ni vizuri, akakusanya sahani na kushuka. Mwenyekiti akapitisha kazi. Ujumbe ukabaki kwenye foleni, na katika ile haya iliyotushika hatukuufuta.

Jumatatu tulikwenda mjini, ofisini kwa Bwana Nzioka, kupanga siku ya kuzindua. Tulikuwa tumeacha kompyuta ikiwaka kwa sababu kuiwasha ilikuwa kazi ya asubuhi nzima, na tulikuwa tumetia salio kwenye simu ya kazi tayari kwa uzinduzi. Ufunguo mmoja tulimwachia Mama, kama siku zote. Tuliketi mbele ya meza kubwa yenye mafaili, mhudumu akatuletea chai ya maziwa, mwenyekiti anaeleza jinsi atakavyofungua kwa maombi. Simu yake ikalia mfukoni. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani. Uso wake ulilegea, na nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa mzee. "Mama Kalondu ametuacha," akasema.

Na sisi tukaamini. Hilo ndilo ambalo Wafula na mimi tumelicheka kwa miaka yote. Tuliokuwa tumeutunga ujumbe huo, tuliokuwa tumeuona na macho yetu siku mbili kabla, tuliamini. Mimi nilishika kifua. Wafula akasema kwa sauti ndogo kwamba haiwezekani, asubuhi alimwacha akiosha vikombe, akamhimiza Mama avae sweta. Bwana Nzioka akatusomea kwa sauti, taratibu, na alipofika kwenye "aliyetulisha sote" Wafula aliinuka na kiti kikaanguka. "Hayo ni maneno yangu," akasema. Mwenyekiti akasema ndiyo kijana, ni maneno yetu sote. "Hapana, Mzee. Ni mimi nimeandika hiyo. Imetoka kwa mashine."

Tulimpigia Mama, simu yake imezimwa. Tulifikaje Riruta sikumbuki. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa vizuri. Ndani, simu ya kazi ilikuwa imelala mezani, waya umechomekwa, betri imejaa. Mwenye kinu alitueleza kutoka chini. Mama alikuwa amepanda kufagia, akasikia simu yetu ikilia ule mlio wa betri kuisha, ikamtia huruma, akaichomeka. Alimwambia hivyo yeye mwenyewe aliposhuka: vijana wameacha simu yao inakufa njaa. Kisha akafunga kibanda mapema, akasema anapitia sokoni Dagoretti kununua maharagwe na kwenda nyumbani. Wafula alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Mama alikuwa ametangaza kifo chake mwenyewe kwa watu wote anaowajua, kwa wema, na sasa yuko sokoni anachagua maharagwe.

Bwana Nzioka hakukubali tutume ujumbe wa kukanusha. Alisema hatatangaza tena jambo lolote kwa mashine ile mpaka amwone Mama kwa macho. Njiani kwenda Uthiru alikaa kiti cha mbele, ametupa kisogo. Mimi nilijua kazi imekwenda, lakini si hiyo iliyokuwa ikinikata maini. Nilikuwa nawaza ule mlango wake, nikiwaza kwamba tutafika na hapatakuwa na mtu. Mama atakuja na kikapu chake, tutamweleza kilichotokea, naye atafanya hesabu mwenyewe: ilitangazwa, na hawakuja. Nilimwambia Wafula hivyo. Akanishika mkono, akasema hata yeye anawaza hilo hilo.

Tulisikia kabla hatujaona. Ua wa ploti ulikuwa umejaa. Wanaume wa kichinjioni walikuwa wamekuja na magambuti yao ya kazini, wamesimama kando ya ukuta, kofia mikononi. Akina mama wa sokoni walikuwa wamebeba kuni, makaa, unga, viazi, sufuria kubwa za kukodi. Kulikuwa na mwalimu wa Kawangware aliyefiwa na mumewe mwaka uliotangulia, amekaa chini vumbini mbele ya mlango uliofungwa, analia kama mtoto. Wengine nilikuwa sijawahi kuwaona. Fundi mmoja wa mabomba alikuwa ameshaanza kufunga turubai. Na kwenye kona, mawe matatu yalikuwa yamepangwa, moto umewashwa, na wanawake wanabishana kwa sauti ya chini kuhusu nani aanze, kwa sababu siku zote aliyeanza alikuwa ni yeye.

Bwana Nzioka alikohoa ili aseme. Lakini Mama Kalondu aliingia langoni kabla yake, na kikapu mkononi, na sweta. Akaona watu, akaona moto, akaona mwalimu akilia. Uso wake ukabadilika. Akaweka kikapu chini, akavua sweta, akaanza kukunja mikono ya gauni akielekea moja kwa moja kwenye sufuria. "Ni nani ametuacha?" akauliza.

Mwalimu ndiye aliyepiga ukemi. Watu wawili watatu wakakimbilia langoni. Mzee mmoja wa kanisa akaanza kuomba kwa Kikamba, haraka haraka. Mama akasimama katikati ya ua, mkono mmoja wa gauni umekunjwa, anatutazama, na Wafula akaenda akapiga magoti mbele yake kabisa, akamweleza: foleni, waya, betri. Alimweleza vizuri, na kila mtu alisikia. Kuna waliokasirika, na walikuwa na haki. Mtu mmoja alisema kompyuta si za kuchezea, mwingine akataka tufukuzwe mara moja. Mama hakuwa anasikiliza hayo. Alikuwa anageuka pole pole, anawatazama mmoja mmoja, magambuti, kuni, turubai. "Kwa hivyo ni mimi," akasema. "Nyote mmekuja kwa sababu yangu."

Katika chama chetu, chakula kilicholetwa matangani hakirudi nyumbani. Bwana Nzioka alilisema hilo kwa ile sauti yake nzito, na akaongeza kwamba msiba umeahirishwa lakini sufuria ziko motoni. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Mama akasogea kuchukua mwiko. Mwalimu akautoa mkononi mwake. "Leo wewe keti," akamwambia. Hakujua kuketi. Walimletea kiti cha plastiki, akakaa ukingoni, akainuka kuangalia moto, wakamrudisha, akainuka tena kuonja chumvi, wakamrudisha. Mwishowe wanaume wawili wa kichinjioni walisimama pande zake mbili kama askari. Wakamletea sahani ya kwanza, kabla ya mwenyekiti na kabla ya mzee wa kanisa. Alikula yote. Alisema maharagwe ya kikapu chake yangehitaji muda zaidi, na kwamba viazi vimekatwa vikubwa mno. Tulipoaga, jua limeanza kushuka, alinivuta sikio karibu na mdomo wake. "Nilikuwa naogopa sana, mwanangu," akasema. "Sasa basi. Siogopi tena."

Hatukufukuzwa, kwa sababu yeye alikataa. Wafula alisakinisha mtego wake wiki hiyo hiyo na sikubisha. Toka siku hiyo, ujumbe wote tuliojaribu uliishia humo chumbani, na mpaka leo ninapoulizwa na vijana ni programu gani bora ya kujaribia kazi, huwauliza kwanza ni kitu gani kinaweza kutoroka. Uzinduzi ulifanyika, Bwana Nzioka akaomba, akatuamuru tuongeze mahali pa kumrudisha mtu aliyetangazwa kwa makosa. Mwaka ulipokwisha Wafula alipata kazi Eldoret. Nilimsindikiza, nikarudi chumbani, nikafunika kompyuta kwa leso, nikalia kidogo, nikashuka kula ndengu.

Jioni ya siku ile ya ujumbe wa mwisho nilikwenda Uthiru moja kwa moja kutoka ofisini. Njia nzima nilikuwa nawahesabu waliokuja mara ile. Bwana Nzioka tulimzika zamani. Mwalimu alirudi kijijini. Wanaume wa kichinjioni sijui wako wapi. Mama alikuwa ameishi kuliko karibu kila mtu aliyemlilia, na ile hofu yake ya zamani ilinirudia, sasa ikiwa yangu: nitakuta viti vitupu na jirani mmoja. Langoni sikutazama watu. Nilitazama kwanza motoni. Sufuria zilikuwa tatu, na kando yake vijana nisiowajua, wasichana kwa wavulana, watoto wa watoto wa chama, wanabishana kama viazi vikatwe vinne au viwili. Kila mmoja alikuwa na habari jinsi Susu Kalondu, bibi yao wote, alivyotaka, na kila mmoja alikuwa na habari tofauti. Nilisimama pale nikashindwa kusonga. Msichana mmoja mwenye aproni aliniona nimevaa nguo za ofisi, akanionyesha tenti kwa heshima. "Mum, wageni wanakaa kule," akasema. Nikamwambia anipe kisu, mimi nitakaa hapa. Akanitazama, asijue anikatalie vipi, akauliza kwani mimi ni nani wa Susu.

"Nilikuwa kwa matanga yake ya kwanza," nikamwambia.